Mdogo wangu anataka kuwa mwanamieleka wa fristaili wa kimataifa, hii ni kazi ya kula nayo au?

Mpakani_Busia:
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mimi niko Busia upande wetu wa Uganda, nabadilisha hela pale mpakani, wengi wenu mnaovuka kwenda Kenya pengine tumeshabishana bei. Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 17, yuko S4, yaani kidato cha nne. Nyumbani tuko watatu na mama, mzee alishatutoka, mama anauza mukene, hawa dagaa.

Sasa huyu kijana tangu mdogo ni wa kuangusha watu. Alianza na ekigwo, mieleka ya jadi ya Kiganda, akiwa kwa mjomba wake huko Masaka, akirudi huku anaangusha mpaka wale wapakuzi wa magunia ya mahindi, watu wazima wenye ndevu. Likizo iliyopita kuna kocha alimuona akamchukua Kampala wiki tatu kumfundisha kwenye mati, na amerudi na maneno mapya, ati kaka mimi S5 siendi, mimi ni fristaili, naenda Olimpiki. Mama amekasirika hata salamu anamjibu nusu. Mimi nikiwa mkubwa wake naulizwa pande zote mbili na sijui lolote, mieleka yote ninayoijua ni ile tulikuwa tunaangalia kwenye kibanda cha video kwa shilingi mia mbili.

Naombeni mnisaidie. Hawa watu wa fristaili wanaishi vipi, wanalipwa na nani, mtu anaanzia wapi mpaka anaitwa wa kimataifa, na inachukua miaka mingapi? Na msinijibu kwa kunicheka tafadhali, nina mama ananiangalia.

Kavuyo256:
Mpeleke Mukono kwenye matope, huko dunia nzima inawaangalia kwenye simu 😂😂

Mpakani_Busia:
@Kavuyo256 nilijua tu wa kwanza atakuwa wewe.

Afande_Mstaafu_Bombo:
Kijana wa Busia, achana na huyo wa matope, ingawa nao wale watoto wa Mukono wanajirusha vizuri sana wallahi. Lakini ile ni maonyesho, mshindi wanakubaliana kabla. Fristaili ni kitu kingine kabisa. Kuna mmoja tu wa kwenye TV nitakayekutajia kwa sababu alitoka huku akaenda kule, Kurt Angle, huyo alichukua dhahabu ya Olimpiki Atlanta 1996 kwenye kilo 100, ya kweli, ndo baadaye akaenda kwenye ile ya sinema.

Mimi nilicheza nikiwa jeshini. Nilikuwa kama mdogo wako, kijijini hakuna aliyekuwa ananisimamia, hata kambini nikawa naangusha watu wenye kilo kumi zaidi yangu. Nikapata bahati ya kusafiri mara moja nje kwenye mashindano. Nikapangwa na Mmisri mmoja mwembamba, nikajiambia huyu leo nitamrudisha kwao na machela. Sikiliza sasa kilichotokea. Aliniingia mguuni sijamuona anakuja, nikawa chini, hiyo ni pointi 2. Nikajua kama kwetu, nimeangushwa basi tunasimama tunaanza upya. Hapana. Akashika vifundo vyangu vya miguu akavipishanisha akavibana kwapani kama mtu anayebeba kuni, akaanza kubiringika na mimi, mgongo wangu unatazama mati kila mzunguko, pointi 2, tena 2, tena 2, tena 2. Jumla 10 kwa 0, refa akapuliza filimbi, mchezo umekwisha, hata dakika haijafika. Jasho lilikuwa bado halijanitoka. Kocha wangu alinipa taulo nikamuuliza ya nini.

Hapo ndo nikajua tofauti. Ekigwo ukimmega mtu chini umemaliza, watu wanashangilia, unapewa kuku unaenda nyumbani. Fristaili kuanguka ndo mwanzo wa kazi. Raundi mbili za dakika tatu tatu, katikati mapumziko ya sekunde 30, na unahesabiwa kila kitu, ukisukumwa nje ya duara mwenzako anapata 1, ukikimbiakimbia bila kushambulia unaonywa, ukirudia unawekewa sekunde 30 na zikiisha hakuna aliyepata kitu mwenzako anapewa 1. Ukitangulia kwa pointi 10 imekwisha. Ukimbandika mabega yote mawili chini imekwisha papo hapo hata kama ulikuwa unaongozwa 8 kwa 0. Na mkifungana, mfano 4 kwa 4, kuna mshindi vilevile, wanaangalia kwanza nani alipiga mtupo wenye pointi nyingi zaidi. Vijana wetu wengi wanapoteza hapo, anaona ubao umelingana anadhani kuna muda wa ziada, anasimama kupumua, kumbe ameshapigwa.

Kwa hiyo nguvu ya kuangusha wapakuzi ni nzuri lakini ni kama mtu anayejua kukimbia na sasa anataka kucheza mpira. Muulize huyo mdogo wako swali moja tu. Akiangushwa yeye, anafanya nini? Akikosa jibu bado hajaanza.

Mpakani_Busia:
@Afande_Mstaafu_Bombo asante mzee wangu. Nimemuuliza jioni hii akasema "mimi siangushwi". 😅

Afande_Mstaafu_Bombo:
Basi hajaanza.

Nesi_Tororo:
Mimi naongea kama nesi, sio mtu wa michezo, lakini nina binamu yangu alikuwa kwenye ndondi na kitu nilichokiona kwake kinafanana na mieleka maana yote ni michezo ya uzito. Kaka hebu mpime huyo kijana kilo kabla ya kuongea Olimpiki. Maana uzito ndo unaowamaliza hawa watu kuliko hata kuangushwa.

Mlisikia ya yule Mhindi Vinesh Phogat, Paris 2024? Yeye kawaida yake ilikuwa kilo 53 akashuka 50. Siku ya kwanza akampiga Yui Susaki wa Japani ambaye alikuwa hajawahi kupigwa na mgeni yeyote, akaendelea mpaka akaingia fainali. Lakini siku hizi mashindano ni siku mbili kwa kila uzito na wanakupima asubuhi zote mbili. Usiku ule alikuwa amezidi kilo kadhaa baada ya kula na kunywa kidogo apate nguvu, wakakesha naye, mazoezi, sauna, mpaka nywele wakamkata. Asubuhi mizani ikasema amezidi gramu 100. Gramu mia jamani, hiyo ni nusu kikombe cha chai! Akatolewa, hakupata hata shaba, akawekwa wa mwisho, kesho yake akatangaza anaacha mchezo. Akakata rufaa, ikatupwa.

Na kuna Mjapani mwingine, Rei Higuchi, 2021 kwenye mashindano ya kufuzu alizidi gramu 50 akakosa nafasi ya kwenda Olimpiki ya nyumbani kwao Tokyo. Huyo lakini alirudi, Paris akachukua dhahabu ya kilo 57.

Sasa nikitoka huko niingie kwenye kazi yangu. Kijana wa miaka 17 bado anakua, mifupa bado, usikubali mtu amvalishe makavera, hii mifuko ya plastiki, mwilini akimbie nayo kwenye jua la saa saba ili apunguze kilo. Nimeona kwa macho yangu kijana ameletwa hivyo, midomo imepasuka, mkojo rangi ya chai ya rangi, moyo unakimbia, na kocha amesimama mlangoni anauliza ataruhusiwa kesho? Marekani mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo walikufa ndani ya kama mwezi mmoja hivi kwa mambo hayohayo ya kujikausha, ndo wakabadilisha sheria kwao. Unapoteza maji, damu inakuwa nzito, figo zinachoka, joto la mwili linapanda na hakuna jasho la kulishusha. Mtu anafikiri amepunguza unene kumbe amepunguza maji tu, akinywa glasi mbili yamerudi.

Jambo lingine dogo lakini linasumbua, choa. Wanabanana ngozi kwa ngozi kwenye mati moja, isipofutwa kwa dawa kila siku wote wanatoka na mabaka. Akirudi na duara shingoni usidhani ni mbu. Aoge mara tu akimaliza, taulo lake asiazime mtu.

Kavuyo256:
@Nesi_Tororo banange umenifanya nisukume sahani ya posho pembeni

Mwanetu_Ujerumani:
Niko Ujerumani mwaka wa tisa sasa, asili Jinja. Nijibu la pesa maana naona kila mtu analizunguka.

Hakuna mshahara wa mieleka kama wa mpira, ondoeni hiyo kichwani. Shirikisho la dunia linaitwa UWW na halilipi watu kuishi. Anayekulipa ni nchi yako au klabu au jeshi. Ukienda Urusi, Irani, Uturuki, Georgia, huko bingwa anapewa nyumba, gari, cheo, mitaa inafungwa akirudi. Marekani kuna mfuko wa matajiri waliowahi kucheza, wanatoa dola 250,000 kwa Mmarekani akichukua dhahabu ya Olimpiki. Sisi? Wewe unajua. Wengi nyumbani walio kwenye michezo ya namna hii wana ajira jeshini, polisi au magereza, ndo mshahara wenyewe, na mieleka inaingia kama kazi ya kikosi. Hiyo sio mbaya, Afande atakwambia.

Huku Ujerumani kuna ligi ya klabu, Bundesliga ya mieleka, inachezwa miezi ya baridi, na klabu zinachukua wageni na kuwalipa kwa kila pambano. Sio hela ya kujenga ghorofa lakini mtu anaishi. Ila hawachukui mtu kwa sababu ana nguvu, wanachukua mwenye jina, aliyeshaonekana kwenye ubingwa wa bara au wa dunia, na viza inaombwa na klabu yenyewe. Kwa hiyo hata hiyo hela ya nje inaanzia kwenye medali ya Afrika.

Sasa mfano ambao mdogo wako anapaswa kuusoma ni Daniel Igali. Mnaijeria, kazaliwa kijiji cha Eniwari kule kwenye mito ya Bayelsa. 1994 alikwenda Canada kama kapteni wa mieleka wa Naijeria kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola pale Victoria, akabaki huko. Watu wanaposikia hivyo wanaruka mpaka mwisho wa hadithi, Sydney 2000, kilo 69, akampiga Mrusi Arsen Gitinov fainali, dhahabu ya kwanza ya mieleka kwa Canada, akatandika bendera ya Canada chini katikati ya mati, akaizunguka akikimbia kisha akapiga magoti akaibusu. Inatoa machozi. Lakini kati ya 1994 na 2000 ni miaka sita, na katika hiyo alikuwa anasubiri makaratasi, anasoma chuo kikuu cha Simon Fraser, anafanya mazoezi na watu wanaompiga kila siku, na mwaka mmoja kabla ya Sydney ndo akawa bingwa wa dunia. Alisoma! Baadaye alirudi Naijeria, akajenga shule kijijini kwao, akaingia siasa, na akawa rais wa shirikisho la mieleka la huko, na chini yake Blessing Oborududu akaleta medali ya fedha ya Olimpiki ya Tokyo kwenye kilo 68, ya kwanza ya mieleka ya Olimpiki kwa Naijeria.

Na asije akachukua ile ya kubaki akaona ndo njia. Mnamkumbuka yule mnyanyua vyuma wetu aliyepotea kambini Japani 2021 kabla ya michezo, baada ya kuambiwa hana nafasi ya kushindana? Alipatikana baada ya siku chache akarudishwa nyumbani. Kijana wa watu, alikuwa anatafuta kazi tu. Sikumcheka na sitamcheka, nimelala kwenye hosteli hizi najua.

Kuna mlango mwingine, MMA, ile ya kupigana kwa ngumi, mateke na mieleka pamoja. Kamaru Usman, Mnaijeria mwingine, alianzia mieleka ya chuo Marekani, akawa bingwa wa UFC, ile kampuni kubwa ya MMA, 2019 mpaka 2022. Lakini tena, chuo. Kila njia ninayoiona inapitia darasani, mimi mwenyewe inaniudhi maana sikupenda shule.

Mwalimu_wa_Michezo:
Nimefundisha michezo sekondari miaka mingi, niongeze la njia ya kufika maana hapo ndo vijana wanadanganywa.

Kwanza hakuna mtu anayejipeleka mashindano ya kimataifa. Lazima jina lako liingizwe na shirikisho la nchi, uwe na leseni ya UWW ya mwaka huo, pasipoti, vipimo vya daktari. Kwa hiyo anayekwambia lete milioni mbili nitampeleka mtoto Ulaya kwenye fristaili, mwambie sawa, nionyeshe kwanza jina lake kwenye orodha ya timu ya taifa. Nina mwanafunzi wangu mmoja, familia iliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya "kambi", jamaa akazima simu mpaka leo. Mtoto ana miaka 24 sasa, anaendesha boda, ukimpungia mkono anaangalia pembeni.

Pili Olimpiki ni tundu la sindano. Paris kila uzito ulikuwa na watu 16 tu dunia nzima. Watano walipitia ubingwa wa dunia wa 2023, kisha kila kanda nafasi mbili, halafu tatu za mwisho zikagombaniwa Istanbul. Sisi Afrika tumewekwa kanda moja na Oceania, ilichezwa Alexandria Machi 2024, nafasi mbili, yaani lazima ufike fainali, na hapo unakutana na Wamisri wa Afande (😄), Wanaijeria, Watunisia, Waalgeria, Wasenegali waliokulia kwenye laamb, mieleka ya jadi yao. Wa tatu anarudi nyumbani, Olimpiki hana.

Tatu, na hili linaniuma, kwa nchi kama yetu michezo ya Jumuiya ya Madola ndo ilikuwa ngazi. Glasgow 2026 wamepunguza michezo wakabaki na kumi tu, mieleka haimo. Ndondi imo, judo imo, sisi hatumo. Mnajua mieleka yenyewe iliwahi kukaribia kufukuzwa hata Olimpiki? Februari 2013 kamati ilipendekeza itolewe, mchezo wa tangu Wagiriki wa kale! Wairani, Warusi na Wamarekani wakaungana kuupigania, kitu ambacho hukioni kila siku, rais wa shirikisho akaondoka, sheria zikabadilishwa, Septemba ukarudishwa. Shirikisho lenyewe wakati huo liliitwa FILA, jina lilikuja kubadilika kuwa UWW 2014. Kwa hiyo kijana anayejenga maisha juu ya mchezo huu ajue kuna watu kwenye meza mbali sana wanaoweza kuufuta kwa kura.

Sisemi asiende. Miaka 17 ni umri mzuri, ubingwa wa Afrika una madaraja ya vijana, chini ya 17 na chini ya 20, na huko ndo mtu anajipima bila kuuawa na wakubwa. Lakini S5 na mazoezi vinakaa pamoja. Nani kamwambia haviwezi?

Dada_Koboko:
Naomba kuuliza na mimi, na wasichana? Maana huku kwetu karibu na mpaka wa Sudan Kusini mieleka tunaiona sana, Wamundari na Wadinka wa Bor wakikutana Juba ni sherehe ya siku nzima, ngoma, majivu mwilini, lakini wanaoshindana ni wanaume, dada zao wanaimba pembeni. Nina mtoto wa dada yangu ana miaka 14 anawashinda kaka zake wote.

Mwalimu_wa_Michezo:
@Dada_Koboko wanawake wana fristaili tangu Olimpiki ya Athens 2004, siku hizi uzito sita kama wanaume, na greko-romani, ile mieleka ya kutoshika miguu, hawana, kwa hiyo fristaili ndo yao. Kaori Icho wa Japani alichukua dhahabu nne, 2004, 2008, 2012 na 2016, mwanamke wa kwanza wa mchezo wowote kupata dhahabu ya mtu mmoja Olimpiki nne mfululizo. Na aliyempiga Oborududu kwenye fainali ya Tokyo ni Tamyra Mensah-Stock, Mmarekani mweusi ambaye baba yake alitoka Ghana, aliposhinda alisema dola 30,000 za kwanza anamnunulia mama yake gari la kuuzia chakula. Kwa kusema ukweli nafasi ya msichana wa Uganda naiona kubwa kuliko ya mvulana, wenye mazoezi ya kweli Afrika ni wachache zaidi. Mlete.

Dada_Koboko:
Nitaongea na mama yake. Baba yake ndo kazi.

Mpakani_Busia:
Nimesoma yote mara mbili, mungu awabariki. Nimekaa na mama jana usiku nikamsomea nikimtafsiria na Kisamia. Hiyo ya gramu mia alishika mdomo. Hiyo ya yule dada na gari la mama yake akaniambia rudia.

Mambo yaliyobaki. Nimempima kwenye mizani ya mahindi ya jirani, kilo 69 na nusu na nguo. Hapo anaingia wapi? Na kazi yenyewe inachukua miaka mingapi mpaka mtu aseme nimechoka?

Afande_Mstaafu_Bombo:
69 na nusu, basi yuko katikati ya barabara. Olimpiki kwa wanaume ni 57, 65, 74, 86, 97 na 125. Ubingwa wa dunia una kumi, humo kuna 70, kwa hiyo duniani ana chumba lakini Olimpiki hana, ama ashuke 65 ama apande 74. Kocha mwenye haraka atamwambia ashuke maana atakuwa mkubwa kuliko wenzake. Mkatalie. Mama Nesi hapo juu kaeleza. Ana miaka 17, mpeni mukene wa mama na maharage, akifika 20 atakuwa 74 mwenyewe bila kuteswa, na kwa sasa kwenye chini ya 17 kuna uzito wa 71, anaingia anapumua. Akitaka mtu wa kumuangalia kwenye simu amtafute Buvaisar Saitiev, huyo ndo alikuwa wa 74, mtoto wa Khasavyurt kule Dagestan, mrefu, mkondefu, ukimuona utasema mwalimu wa hesabu. Dhahabu 1996, 2004, 2008. Hiyo 2000 katikati alipigwa na Mmarekani ambaye hakuna aliyekuwa anamuwazia. Angalia mikono yake, hashiki kwa nguvu, anapapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani, halafu ghafla uko chini.

Miaka mingapi? Mzuri anaenda mpaka 30 na kitu, Jordan Burroughs alikuwa bingwa wa dunia 2011 na bado akawa bingwa 2022, ila katikati hapo Olimpiki ya Rio akarudi mikono mitupu. Magoti ndo yanaamua, na shingo, na masikio yatavimba yawe kama maandazi, mwambie mama asishtuke.

Wakubwa wakistaafu wanavua viatu wanaviacha katikati ya mati. Yule Mkuba Mijaín López alifanya hivyo Paris baada ya dhahabu yake ya tano mfululizo, yeye ni wa greko-romani lakini desturi ni moja. Mimi siku yangu ya mwisho sikuacha kitu, viatu vilikuwa vya kuazima, mwenyewe alikuwa anavisubiri pale pembeni.

Fanya hivi. Aende S5. Likizo alete miguu yake hapa Bombo, nina vijana kumi na wawili, mati yetu imeshonwa kwa vipande lakini ni safi. Akate kucha kabla ya kuja. Wiki ya kwanza hatamwangusha mtu, atafundishwa kuanguka tu. Ana viatu?

Mpakani_Busia:
Hana afande. Kule Kampala alikuwa anacheza na soksi.

Afande_Mstaafu_Bombo:
Nina jozi tatu vijana wanapokezana. Mguu namba ngapi?

Mpakani_Busia:
44.

Afande_Mstaafu_Bombo:
Lahaula. Nitauliza kambini.